Programu ni yake, faili ni yenu

"Kumbe bado unatumia hiyo?" Swali hili huulizwa na mtu anayechungulia skrini ya mwenzake na kukuta kivinjari asichokipenda, programu ya barua pepe ya miaka mingi iliyopita, au LibreOffice mahali alipotarajia kuona Word. Huulizwa kwa tabasamu, lakini aliyeulizwa hulielewa vizuri: ameambiwa amechelewa, au hajui, au ni bahili. Mara nyingi muulizaji hana habari na hata moja kati ya sababu zilizomfikisha mwenzake hapo.

Msimamo wangu ni huu. Programu anayoitumia mtu kwenye kompyuta yake ni hiari yake, na hahitaji kumwomba mtu kibali. Kinachotuhusu sote ni kile kinachotoka kwenye kompyuta moja na kuingia kwenye nyingine: faili, ujumbe, kiungo, mwaliko wa mkutano. Hapo ndipo heshima inapopimwa, na hapo ina hatua zake ambazo zinaweza kujifunzwa. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Mtu anaweza kusema kila siku kwamba anaheshimu uamuzi wa wenzake, kisha akawatumia faili ambayo ni programu yake peke yake inayoweza kuifungua.

Ubishi wa miaka karibu hamsini

Mwaka 1976 zilizaliwa programu mbili za kuhariri maandishi: vi, iliyoandikwa na Bill Joy, na Emacs, iliyoanzia katika maabara ya MIT mikononi mwa Richard Stallman na Guy Steele. Wapenzi wa pande hizo mbili wamebishana tangu hapo, wakati mwingine kwa maneno makali, lakini kazi haikusimama kwa sababu ya ubishi huo. Zote mbili huhifadhi maandishi matupu. Faili iliyoandikwa kwa vi hufunguka kwenye Emacs bila herufi hata moja kuhama, na watu wawili wanaweza kushirikiana kwa miaka bila mmoja kujua mwenzake anatumia ipi.

Hata huko vikwazo vilikuwepo. Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, ilhali Linux na macOS ya leo humaliza kwa alama moja. Notepad ya Windows haikuitambua ile alama moja hadi mwaka 2018, hivyo faili iliyotoka Linux ilionekana humo kama mstari mmoja usio na mwisho. Watunzi wa programu wakajiwekea makubaliano. Kwenye folda ya mradi huwekwa faili ndogo iitwayo .editorconfig, inayosema mstari uishe kwa alama gani, nafasi za mwanzo wa mstari ziwe ngapi, na herufi zihifadhiwe kwa UTF-8, njia ya kusimba herufi za lugha zote. Programu nyingi za kuhariri huisoma na kuitii, nyingine zenyewe, nyingine kwa kuongezewa kiongezi. Ndani ya faili hiyo hakuna mahali panaposema utumie programu gani. Limewekwa sharti la kinachotoka tu, na kila mmoja akabaki na chombo chake.

Mambo mengine yote ya makala haya yanatokana na mfano huo: mkubaliane fomati, yaani muundo wa faili, muachiane programu.

Sababu zisizoonekana kwenye skrini

Kinachomfunga mtu na programu yake kwanza ni vidole. Aliyeandika kwenye programu moja kwa miaka kumi hafikirii tena amri zake. Microsoft ilipobadili menyu za Office katika toleo la 2007 na kuweka utepe wa vitufe, watu hodari walijikuta wakizitafuta amri walizozitumia kila siku, na wengi wakaendelea na Office 2003 kwa miaka. Hawakuwa wakaidi. Walikuwa wakilinda kasi yao ya kazi, na kasi hiyo ndiyo inayowalisha.

Halafu kuna kumbukumbu: barua za miaka kumi na tano ndani ya faili moja ya Outlook yenye kiendelezi .pst, kanzidata ndogo ya Access inayoendesha ofisi nzima, lahajedwali lenye makro, yaani amri zinazojiendesha, ambazo aliyeziandika alishaondoka. Kuna mashine yenyewe, yenye RAM ya gigabaiti 4, ambayo programu mpya ingeipigisha magoti. Kuna mwajiri aliyezuia usakinishaji, ambapo mtumiaji hana neno. Na kuna anayechagua kwa imani: hataki programu asiyoweza kuona msimbo wake, au hataki kampuni fulani ikusanye data zake. Hiyo nayo ni sababu kamili, haihitaji kutetewa kwa hoja ya kiufundi.

Sababu inayosahaulika kuliko zote ni uwezo wa kuona. Mtu asiyeona, au anayeona kidogo, hutumia kisoma skrini, programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini: JAWS, iliyokuwepo kwenye Windows tangu 1995, NVDA, isiyolipiwa, iliyoanza 2006, au VoiceOver iliyo ndani ya vifaa vya Apple. Mara nyingi hatumii kipanya. Anatembea ndani ya ukurasa kwa vitufe: kwenye tovuti, akiwa na NVDA au JAWS, kitufe cha H humpeleka kwenye kichwa kinachofuata, na kwa NVDA, K humpeleka kwenye kiungo kinachofuata. Programu ikiwa na vitufe vya picha visivyo na majina, yeye husikia tu "kitufe, kitufe, kitufe". Kwa hiyo mtu huyu akikuambia anabaki na toleo la zamani la programu, au anatumia programu ya kwenye kompyuta badala ya ile ya kwenye kivinjari, huenda ameshajaribu nyingine zote na hiyo ndiyo pekee inayosema naye. Kumwambia "hii mpya ni nzuri zaidi" ni kumweleza uzuri wa kitu asichoweza kukitumia.

Neno moja kwa wapenzi wa programu huria, ambao ndio mara nyingi wanaozijua fomati vizuri. Uhuru wa kwanza katika orodha ya Free Software Foundation, shirika linalotetea programu huria, ule uliopewa namba sifuri, ni uhuru wa kuitumia programu utakavyo kwa kusudi lolote. Anayemkaripia jirani yake kwa kutumia Word, huku akimhubiria uhuru, anaiharibu hoja yake mwenyewe. Na anayetumia Word asidhani kwamba yeye ndiye kipimo cha ukawaida.

Hati: kinachovunjika na kwa nini

Kuna fomati mbili kuu za hati zinazoharirika. Moja ni ODF, yenye kiendelezi .odt, iliyopitishwa na OASIS, muungano wa kuweka viwango, mwaka 2005 na kuwa kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwaka 2006. Nyingine ni OOXML, yenye .docx, iliyokuja na Office 2007 na kuwa kiwango cha ISO mwaka 2008. Word inafungua .odt tangu 2009; LibreOffice na Google Docs zinafungua .docx. Kwa hiyo kufunguka si tatizo kubwa tena. Tatizo ni hati kufunguka ikiwa imevurugika, na chanzo chake mara nyingi ni fonti, wala si fomati.

Hati haibebi fonti. Hubeba jina la fonti tu. Kompyuta inayopokea isipokuwa na fonti hiyo huweka nyingine. Herufi zikiwa pana kidogo tu, neno moja hushukia mstari unaofuata, aya hurefuka, na kufikia ukurasa wa tano mahali pa sahihi pamesukumwa peke yake kwenye ukurasa mpya. Ndiyo maana zikatengenezwa fonti zenye upana uleule wa herufi: Liberation Sans, Liberation Serif na Liberation Mono badala ya Arial, Times New Roman na Courier New, Carlito badala ya Calibri, Caladea badala ya Cambria. Umbo la herufi hutofautiana kidogo, mistari haihami. Ukiandika hati ambayo itapita kwa watu wenye programu tofauti, tumia mojawapo ya fonti zenye mbadala huo. Jihadhari na Aptos, ambayo Microsoft ilianza kuifanya fonti ya chaguomsingi mwaka 2023: matoleo ya zamani ya Office hayakuja nayo, kwa hiyo hati huweza kuvurugika hata kati ya watu wawili wenye Word.

Ikibidi kutumia fonti ya pekee, ipachike. Kwenye Word nenda Faili, Chaguo, Hifadhi, kisha weka alama kwenye kisanduku cha kupachika fonti. Kwenye LibreOffice nenda Faili, Sifa, kichupo cha Fonti. Ukubwa wa faili utaongezeka, na fonti nyingine hazipachikiki kwa sababu leseni yake imekataza.

Chanzo cha pili ni mazoea ya mwandishi. Anayefika ukurasa mpya kwa kubonyeza Enter mara kumi na tano ameandika hati inayosimama kwenye kompyuta yake tu. Bonyeza Ctrl na Enter. Kwenye Word, LibreOffice na Google Docs ni vitufe vilevile. Anayepanga safu kwa kugonga nafasi nyingi atumie jedwali lisilo na mistari. Picha iwekwe ndani ya mstari kama herufi, isielee juu ya maandishi, kwa maana picha inayoelea ndiyo ya kwanza kukimbia. Vichwa viwekwe kwa mitindo, yaani Kichwa cha 1, Kichwa cha 2 na kuendelea, badala ya kukoleza maandishi na kuyakuza kwa mkono. Mitindo hii huhama salama kati ya programu, hujenga yaliyomo yenyewe, na ndiyo inayomwezesha mtu wa kisoma skrini kuruka kutoka sura moja hadi nyingine. Hatua moja inawahudumia watu wa aina tatu.

Kabla ya kutuma, jiulize mpokeaji atafanya nini na hati. Akiwa ni wa kusoma au kuchapa tu, mpe PDF, iliyotoka Adobe mwaka 1993 na kuwa kiwango cha ISO mwaka 2008. Ukichagua PDF/A wakati wa kuhamisha, fonti zote hulazimika kuwemo ndani. Akiwa ni wa kuhariri, PDF ni usumbufu; mpe .docx au .odt, na umuulize anapenda ipi. LibreOffice ina njia nzuri isiyojulikana sana: kwenye dirisha la kuhamisha PDF kuna kisanduku cha PDF mseto, kinachoweka faili ya ODF ndani ya PDF. Kila mtu anaisoma, na mwenye LibreOffice anaweza kuihariri. Mwenye Pages ya Apple asitume .pages kwa mtu asiye na kifaa cha Apple bila kumuuliza. Ahamishe kuwa Word au PDF kwanza. Na PDF iliyotokana na kuskani karatasi ni picha tu: kisoma skrini hakisomi chochote humo mpaka maandishi yatambuliwe kwa OCR, programu inayogeuza picha ya maandishi kuwa maandishi.

Masahihisho yanayofuatiliwa na maoni ya pembeni huvuka vizuri kwa .docx kati ya Word, LibreOffice na Google Docs, na mapendekezo ya Google Docs hugeuka kuwa masahihisho ya Word ukiipakua hati. Hapa hakuna sababu ya kumlazimisha mtu ahame ili mhariri pamoja.

Majedwali, penye hasara ya kweli

Hati ikivurugika huonekana. Lahajedwali linaweza kupoteza data bila kusema neno, na ndiyo maana linahitaji uangalifu zaidi.

Fomati ya zamani ya Excel, .xls, ina safu mlalo 65,536 tu. Fomati mpya, .xlsx, ina 1,048,576. Mwaka 2020 huko Uingereza, Public Health England ilipitisha matokeo ya vipimo vya korona kwenye faili za .xls, mistari iliyozidi kikomo ikakatwa, na wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati wake. Fomati ilichaguliwa bila kumfikiria anayepokea, wala kiasi cha anachopokea.

CSV, fomati inayotenganisha safu kwa mikato, inaonekana kuwa jibu la yote, kwa kuwa ni maandishi matupu, lakini ina mitego minne. Wa kwanza ni kitenganishi. Kompyuta iliyowekwa lugha inayotumia mkato kwa desimali hutarajia nukta-mkato kati ya safu, kwa hiyo faili yako ya mikato hufunguka yote kwenye safu moja. Wa pili ni herufi. Ukihifadhi kutoka Excel chagua aina iliyoandikwa CSV UTF-8, la sivyo majina yenye alama juu ya herufi yataharibika. Wa tatu ni tarehe: 03/04 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwingine. Andika 2025-04-03, mwaka mwanzo, na ubishi umekwisha. Wa nne ni namba ambazo si za kuhesabu. Excel ikifungua CSV kwa kubofya mara mbili hufuta sifuri ya mwanzo ya namba ya simu, na namba yenye tarakimu zaidi ya 15 hugeuzwa sifuri kuanzia ile ya 16. Mwambie mpokeaji wa Excel aingize kupitia kichupo cha Data, chaguo la kutoka maandishi au CSV, aweke safu hiyo kuwa maandishi. LibreOffice humuonyesha dirisha la kuchagua herufi, kitenganishi na aina ya safu kabla ya kufungua.

Tabia hiyo ya Excel ya kubadili kinachoandikwa iliwasumbua wanasayansi wa jeni kwa miaka, kwa sababu majina kama SEPT1 na MARCH1 yaligeuka kuwa tarehe. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu, HGNC, iliyabadilisha yakawa SEPTIN1 na MARCHF1. Wangeweza kuwaambia watafiti wote waache Excel. Walijua hilo halitekelezeki, wakarekebisha kilicho mikononi mwao. Nauona kuwa uamuzi wa busara kubwa.

Kwa fomula, fahamu kwamba si kila programu inajua kila kitu. XLOOKUP, fomula ya kutafuta thamani ndani ya jedwali, iliingia LibreOffice katika toleo la 24.8 la mwaka 2024. Mwenye toleo la nyuma ataona kosa. INDEX pamoja na MATCH hufanya kazi hiyohiyo karibu kila mahali. Makro za VBA, lugha ya makro za Excel, hazitembei kwenye Google Sheets, na kwenye LibreOffice hutembea baadhi tu. Ukituma lahajedwali lenye makro, tuma na nakala yenye matokeo yaliyobandikwa kama thamani, ili asiye na Excel apate walau majibu.

Picha, barua, viungo

Simu za iPhone hupiga picha kwa fomati ya HEIC tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Ni fomati nzuri, picha huwa ndogo, ila kompyuta ya Windows huenda ikahitaji viongezi kuifungua. Anayewapigia watu wengi picha aingie Mipangilio, Kamera, Fomati, achague ile inayooana zaidi. Picha zitakuwa JPEG.

Majina ya faili yana sheria zake. Windows haikubali alama \ / : * ? " < > | ndani ya jina. Kwenye Linux, Ripoti.docx na ripoti.docx ni faili mbili, kwenye Windows ni moja, kwa hiyo ukizihamisha moja inaweza kuifuta nyingine. Tumia herufi ndogo, tarakimu na kistari, basi. Ukitaka kufungasha faili nyingi, tumia .zip, ambayo Windows, macOS na mifumo mingi ya Linux huifungua bila kuongeza kitu; .rar huweza kumtuma mtu akatafute programu.

Kwenye barua pepe, mpokeaji akilalamika kwamba amepata kiambatisho kiitwacho winmail.dat, kosa liko kwa mtumaji: Outlook yake inatuma kwa fomati ya Rich Text. Abadilishe iwe HTML au maandishi matupu kwenye chaguo za Barua. Kumbuka pia kwamba kiambatisho husimbwa kwa njia inayokiongeza kwa theluthi moja. Faili ya megabaiti 20 husafiri ikiwa karibu 27, na kikomo cha Gmail ni 25.

Ukituma kiungo badala ya faili, kijaribu mwenyewe kwenye dirisha la faragha: Ctrl, Shift na N kwenye Chrome, Ctrl, Shift na P kwenye Firefox. Ukiombwa kuingia kwa akaunti, mpokeaji naye ataombwa. Kama siri ya hati inaruhusu, weka "yeyote aliye na kiungo". Mwaliko wa mkutano uende na faili ya .ics, ambayo kalenda za Google, Apple, Outlook na Thunderbird zote huielewa, na useme kama mkutano unaweza kuingiwa kupitia kivinjari bila kusakinisha chochote. Kumtaka mtu asakinishe programu ya ujumbe si jambo dogo: unamwomba namba yake ya simu, orodha ya watu wake, na nafasi kwenye simu yake. Kikundi kikiwa na mtu mmoja asiyeitaka programu hiyo, njia ya kawaida ni kumtumia yale muhimu kwa SMS au barua pepe, na kumpangia mtu maalumu kazi hiyo ili isisahaulike.

Ukiombwa kurekebisha kompyuta ya mtu

Hapa ndipo heshima huvunjwa zaidi, na kwa nia njema. Mtu ameomba printa yake ichape. Mrekebishaji anamaliza printa, kisha anaweka kivinjari anachokipenda yeye, anabadili injini ya utafutaji, anafuta programu "zisizo na maana", anahamisha aikoni. Mwenye kompyuta anarudi na kukuta nyumba ngeni. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, lakini hii ngozi si yako.

Kabla ya kugusa kitu, piga picha skrini ya mwanzo, upau wa chini, na orodha ya viongezi vya kivinjari. Andika kivinjari cha chaguomsingi, mpangilio wa kibodi, na kiwango cha ukuzaji wa skrini. Ikiwa ni asilimia 125 au 150, mwenyewe ana sababu. Rekebisha ulichoombwa. Ukiona tatizo jingine, mwambie, usiliguse.

Programu anayoitumia ikiwa inazimika ovyo, itibu hiyohiyo kwanza. Firefox: menyu ya Msaada, Hali ya Utatuzi, ambayo huzima viongezi; hali ikitulia, kimoja kati yao ndicho mkosaji. LibreOffice: menyu ya Msaada, anzisha upya katika Hali Salama. Word kwenye Windows: shikilia Ctrl huku ukiifungua, ukubali hali salama; ikifanya kazi hapo, shuku viongezi au faili ya Normal.dotm. Faili hiyo ipe jina jingine, usiifute, kwa maana imebeba mitindo na makro zake za miaka. Kusema "hiyo programu ni mbovu, weka hii" kabla ya kupita hatua hizi ni uvivu.

Usiondoe programu ya barua pepe kabla ya kuangalia aina ya akaunti. IMAP huacha barua kwenye seva. POP3 huenda imezishusha zote kwenye kompyuta na kuzifuta kwenye seva, na hapo kuondoa programu pamoja na folda yake ni kuzipoteza kabisa.

Penye hatari

Kuheshimu uamuzi wa mtu hakukunyimi haki ya kumwambia ukweli. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa ziada kwa watumiaji binafsi unaishia Oktoba 2026. Internet Explorer ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022. Mweleze mara moja, ukitaja tarehe, hatari yenyewe, na njia zilizopo, pamoja na ile ya kubaki alipo kwa kupunguza hatari: shughuli za fedha zifanyike kwenye kifaa kingine, nakala rudufu iwe kwenye diski inayochomolewa, kivinjari kiwe ambacho bado kinasasishwa. Ukishaeleza, usirudie kila mnapoonana. Mambo hubadilika pale kompyuta inapobeba data za watu wengine, kama vile rekodi za wagonjwa au za wanafunzi. Hapo uamuzi si wa mtu mmoja, na taasisi ina haki ya kuweka sharti.

Akitaka kuhama mwenyewe, ahamishe programu kabla ya mfumo. Firefox, Thunderbird, LibreOffice, GIMP na VLC zote zipo kwa Windows, macOS na Linux. Akishazizoea kwenye mfumo wake wa sasa, kubadili mfumo baadaye huwa hatua ndogo. Ya zamani ibaki pembeni ya mpya kwa wiki kadhaa. Muulize kazi tano anazozifanya kila siku, mzifanye pamoja kwenye programu mpya mpaka mwisho, pamoja na kuchapa. Manenosiri yakihamishwa kwa CSV, jua kwamba faili hiyo ni maandishi ya wazi: ihifadhi nje ya folda zinazopanda wingu, ifute mara tu yanapoingia kwenye programu mpya, na umwage pipa la takataka. Na akiamua kurudi kwenye programu yake ya awali, msaidie vilevile: hati alizozifanya kwenye mpya zihifadhiwe kwa fomati ya ile ya zamani, barua za wiki hizo zihakikiwe kwamba zipo kwenye seva, na chaguomsingi la kila aina ya faili lirudishwe kama lilivyokuwa kwenye picha ulizopiga.